Nairobi hadi Naivasha kwa baiskeli, mvua za Aprili

Wadau, Jumamosi klabu inashuka mteremko wa Mai Mahiu, mji ulio chini kwenye Bonde la Ufa, hadi Naivasha, kama kilomita 90. Tuko 14 na mvua imetabiriwa. Nibadilishe nini? Tairi zangu ni milimita 28, breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu.

— Punguza upepo wa tairi. Kama huwa unajaza psi 80, weka 70. Breki ziguse kidogo mapema kabla ya kona ili zifute maji kwenye rimu. Ukingoja kona yenyewe, ukibana hupati kitu mwanzoni. Kaa mbali na mistari ya rangi na dizeli ya malori, hasa mvua inapoanza tu.

— Gawanyikeni makundi mawili ya saba. Kwenye mteremko hakuna kubanana, acheni mita 20. Ukungu wa Limuru ukishuka, taa ya nyuma ni lazima, ila isiwe ya kumwekamweka, inamchosha aliye nyuma yako.

— Pancha mtapata, maana maji husaidia vipande vya chupa kuteleza na kukata mpira. Tyubu mbili kila mtu, na kabla ya kuweka mpya pitisha kidole taratibu ndani ya tairi kutafuta kipande kilichobaki. Cheni ipake mafuta mazito ya mvua, ufute yaliyozidi. Koti livae huko juu, kabla ya kuteremka. Ukingoja Mai Mahiu, vidole vimeshakufa ganzi na breki huwezi kuzibana.