Ziwa Ngosi na mama mwenye goti bovu: tushuke hadi majini au tuishie ukingoni?

Wakuu, habari za jioni. Mwanzoni mwa Juni nampeleka mama Ziwa Ngosi, lile la kreta kule juu mlimani. Tutalala Mbeya mjini, tutoke alfajiri. Ana miaka 61, tambarare anatembea vizuri tu, ila goti la kulia linamsumbua kwenye mteremko. Na ameshaapa lazima anawe uso kwa maji ya ziwa. Itawezekana? Usafiri je?

mtoto_wa_uyole: Pandeni gari za Tukuyu au Kyela, mwambieni konda awashushe Isongole. Pale chukueni bodaboda hadi msitu unapoanzia. Usimtembeze mama ile barabara, atachoka kabla ya mlima wenyewe. Kuanzia hapo ni miguu. Vijana saa moja, kwa mama weka moja na nusu.

kidevu: Kunawa uso asahau. Kutoka ukingoni kwenda majini ni genge lile. Unashuka umeshikilia mizizi, udongo unateleza kama mlenda. Mimi na ujana wangu nilishukia makalio, na kupanda kurudi ndiyo shughuli yenyewe.

shangazi_k: Jamani msimtishe mwenzenu. Mbona wenyeji wanashusha wageni kila siku?

kidevu: Wenye magoti, shangazi.

mporoto: Juni mmechagua vizuri, mvua kubwa zinakuwa zimepungua, ila baridi ya huku si ya mchezo, mama avae sweta. Ikinyesha usiku wa kuamkia, ahirisheni; hata njia ya juu itamtesa. Mnaotoka alfajiri msishangae mkikuta ukungu umefunika ziwa lote. Kaeni, mle mihogo yenu, jua likipanda mara nyingi unafunguka na mnaliona lote, kilomita 2 na nusu kwa urefu. Tafuteni mwenyeji wa kuwaongoza, mpatane bei kabisa kabla ya kuondoka. Maji ya kunywa bebeni, ya ziwani yana chumvichumvi.

babu_tale: Akinawa tu, ile hazina ya hadithi, eti Wajerumani waliificha ziwani, inamtokea 😂

Mleta uzi: Asanteni sana, nimemsomea yote. Amekubali kuishia ukingoni, kwa sharti kwamba mmoja wetu ashuke na chupa amletee maji. Tunaokwenda ni wawili.

kidevu: Pole mkuu. Chupa ifunge kamba uivae begani, mikono yote miwili utaihitaji.