Tiba ya kupandikiza kinyesi kwa kolaitisi, kuna anayeijua? Naomba ushauri wakuu

Mnyamavu: Habari za muda huu wakuu. Nina ndugu yangu anasumbuliwa na utumbo mpana, aliingiziwa kamera akaambiwa ni kolaitisi ya vidonda, anaenda chooni kutwa nzima, damu na ute, usiku halali. Wanasema chanzo hasa hakijajulikana, kinga ya mwili inashambulia utumbo wenyewe na bakteria wa tumboni nao wamo kwenye kesi. Sasa nimesoma kuna tiba ya kuchukua kinyesi cha mtu mwenye afya anawekewa mgonjwa. Swali langu dogo tu, inafanya kazi? Na mtu anaweza kujifanyia nyumbani?

Fundi Mstaafu: Mwambie apunguze mawazo. Mimi tumbo lilinitesa miaka, nikapewa dawa za vidonda, za amiba, za minyoo mpaka minyoo yenyewe ikanionea huruma. Nilivyoacha ile kazi likatulia lenyewe.

Bi Mkubwa: Vijana mnakula mmesimama, simu mkononi, halafu mnatafuta tiba za ajabu. Kinyesi kimetoka kwa sababu mwili umekikataa. Mnakirudisha cha nini?

Mdau wa Maabara: Tiba ipo na sio mzaha, ila iliyothibitika vizuri ni ya ugonjwa mwingine. Kuna bakteria anaitwa Clostridioides difficile, huyu anatamba tumboni baada ya antibayotiki kuwamaliza wenzake. Uholanzi walitoa matokeo 2013, wagonjwa 16 waliowekewa kinyesi, 13 walipona kwa mara ya kwanza tu, waliopewa antibayotiki ya vancomycin peke yake wakapona 4 kati ya 13, mpaka jaribio likasimamishwa mapema. Kolaitisi ni habari nyingine. Australia 2017 walijaribu kwa wagonjwa 81, waliopata nafuu ya kweli bila steroidi, zile dawa za kutuliza kinga ya mwili, ni 27%, na kwenye kundi lililowekewa dawa ya bandia 8%. Tena wale walikuwa wanawekewa siku tano kwa wiki, wiki nane, kinyesi cha watu kadhaa waliopimwa. Kwa hiyo kuna kitu, ila wengi hawakupona. Ndugu yako anatumia dawa gani? Na mtoaji ni nani?

Mnyamavu: Anatumia za kawaida tu. Mtoaji ni mtu wa familia, mzima kabisa.

Mdau wa Maabara: Za kawaida zipi mkuu?

Mnyamavu: Steroidi, ila nimeziacha ghafla tu, zilikuwa zinanivimbisha uso.

Jicho Pevu: Ngoja kwanza. "Nimeziacha"? "Zinanivimbisha"? Ndugu kashageuka wewe? Wakuu hii chai, tena ya moto.

Mnyamavu: Haya ni mimi, jamani ugonjwa wenyewe wa chooni nani anataka kujianika? Mtoaji ni mdogo wangu, chuma kabisa huyo, aliumwa taifodi tu hapa karibuni na dozi kashamaliza. Blenda mpya ninayo. Na msinicheke, yule daktari wa Australia, Barry Marshall, mwaka 1984 alikunywa bakteria mwenyewe, leo ana Nobel.

Fundi Mstaafu: Nobel ya blenda 😂😂

Mdau wa Maabara: Marshall alikunywa ili augue, wewe unataka upone. Alitaka kuonyesha Helicobacter pylori anaweza kuharibu tumbo la mtu mzima, alipigwa kamera kabla na baada, akatibiwa, na Nobel aligawana na mtafiti mwenzake Robin Warren 2005, miaka mingi baadaye. Turudi kwako. Mtu wa taifodi anaweza kuendelea kutoa vimelea kwenye choo hata akijisikia mzima, na antibayotiki alizomeza zimeua hao hao bakteria unaowataka. Marekani 2019 wagonjwa wawili waliambukizwa bakteria E. coli sugu kwa dawa kutoka kwenye kinyesi cha mtoaji mmoja ambacho hakikupimwa bakteria huyo, mmoja akafariki. Na steroidi haziachwi ghafla, tezi zako zinakuwa zimezoea kubebwa, ukikata unaweza kuanguka.

Jicho Pevu: Mnapoteza muda. Mgonjwa wa kweli anayevuja damu hana nguvu ya kubishana kuhusu Nobel. Kesho atasema blenda imeungua.

Mama Wawili: Wewe hujawahi kuumwa tumbo la namna hii ndio maana. Dada yangu ana Crohn, ugonjwa wa utumbo unaofanana na huo, akiwa chooni hana kingine cha kufanya zaidi ya kuchati. Kama ni chai usinywe, wengine tunajifunza.

Mnyamavu: Niweke picha ya ripoti?

Bi Mkubwa: Usiweke! Watu tunakula.

Jicho Pevu: Weka.

Mnyamavu: Siweki basi. Jamani mnajua mimi nimesubiri dawa hizi kiasi gani? Kila nikirudi ni ile ile, ongeza, punguza. Kule kwenye majaribio walinikataa. Steroidi sawa, nitarudi kwa daktari aniambie. Ila huyu mdogo wangu, tukisubiri miezi mitatu tangu amalize dozi si inakuwa poa?

Mama Wawili: Walikukataa kwa nini?

Mnyamavu: Mambo ya damu kuwa chache tu.

Mdau wa Maabara: Chache kiasi gani?? Achana na mdogo wako, achana na miezi mitatu. Ukisimama unaona kizunguzungu? Leo umeenda mara ngapi?