Sauti inakatika wimbo wa tatu: naimbaje metali bila kuumiza koo?

tena_wa_58 (Nakuru)

Habari zenu wakubwa. Nina miaka 22. Naimba sauti ya tena (ile ya juu ya wanaume) kwenye kwaya ya kanisa tangu darasa la saba, na mwaka jana nilianza kuimba na bendi yetu ya watu wanne, roki nzito na metali. Mazoezi ni Jumamosi mchana, kwenye chumba cha mabati nyuma ya gereji huku Section 58.

Wimbo wa kwanza niko sawa. Wa pili naanza kuhisi kama kuna kipande cha gunzi kimenikwama kooni. Wa tatu sauti inakatika. Jumapili nikifika kanisani noti za juu hazipo, inatoka hewa tupu. Mwalimu wa kwaya ameniuliza mara mbili kama navuta sigara. Sivuti.

Nimejaribu tangawizi, limau na asali, hakuna kitu. Halafu nikisikiliza tulivyorekodi kwa simu, najisikia kama mtu anayeigiza Mmarekani. Nyimbo ni za Kiswahili na maneno hayasikiki. Mpiga gitaa wetu anasema ndivyo metali ilivyo, koo lazima liote sugu kwanza. Ni kweli?

besi_nne (Eldoret)

Kabla ya koo, angalia chumba. Ngoma na ampu (vikuza sauti) ndani ya mabati, bila spika inayokuelekea wewe, utapiga kelele tu hata ukiwa na mbinu gani. Mtu asiyejisikia hupandisha sauti bila kujua. Mwambieni wa ngoma aweke taulo juu ya ngoma zake, ampu zishushwe mpaka usikie maneno yako mwenyewe.

dada_wa_dunga (Kisumu)

Mdogo wangu, nimesoma hiyo ya sugu nikaona nisilale kabla sijakujibu. Koo likiota sugu, sugu hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe. Huitwa vinundu, na mimi nilivipata.

Niliimba miaka sita kwenye kumbi za hapa Kisumu, nyimbo za roki za watu wengine, usiku tatu kwa wiki. Nilipoanza kukwama nilipewa dawa za kuua vijidudu mara tatu, hakuna aliyeangalia ndani. Daktari wa nne, wa masikio, pua na koo, alipitisha kamera nyembamba puani akanigeuzia skrini nione. Nyuzi mbili nyeupe za sauti zinafunguka kama herufi V, na katikati ya kila ukingo kuna kitu kama punje ya wimbi. Akaniambia niseme "iii". Nyuzi zikaja kukutana, punje zikagusana kwanza, na pande zote mbili za punje pakabaki mwanya. Hewa inapita hapo. Nililia kwenye kile kiti, ila angalau nilikuwa nimeelewa. Sikupasuliwa. Ilikuwa miezi mitano ya mazoezi ya sauti na kunyamaza kwa adabu.

Sisemi wewe unavyo. Huenda ni uvimbe tu unaoshuka ukipumzika. Lakini fikiria: mwimbaji wa tena akishika ile La ya juu (noti A), nyuzi zake zinakutana mara 440 kwa sekunde moja. Ukizigonganisha kwa nguvu kila Jumamosi, zitavimba. Sauti ikikaa imekwaruza zaidi ya wiki tatu mfululizo, nenda ukaangaliwe kwa kamera. Usikubali vidonge kabla ya hapo.

Sasa mkwaruzo wenyewe wa metali. Wengi tunadhani unatoka kwa kukaza nyuzi. Juu kidogo ya nyuzi za sauti kuna mikunjo mingine miwili, nyuzi bandia. Inua debe la maji na usikilize ule mguno unaokutoka: ni hiyo mikunjo inasogeleana. Mngurumo wa metali unaweza kujengwa hapo juu, huku nyuzi halisi chini zikifanya kazi yao polepole. Anza na kushusha pumzi yenye sauti, kama mtu aliyetua mzigo, kwa sauti ya mazungumzo tu. Ongeza ule mguno kidogo. Maiki ndiyo itakayoukuza, si kifua chako. Dakika tano, basi. Koo likiwasha hadi ukohoe, umekosea mahali, acha. Likiuma, acha mpaka kesho.

Kabla na baada ya kuimba, tafuta mrija na glasi ya maji. Zamisha mrija vidole viwili, uimbe "uuu" kupitia humo, ukipanda na kushuka. Viputo vitoke sawasawa kama uji unaotokota taratibu. Vikirukaruka, ujue unasukuma mno. Ule mgandamizo unaorudi nyuma husaidia nyuzi zikutane bila kugongana. Mwanasayansi Ingo Titze wa Marekani ameufanyia mrija utafiti kwa miaka mingi. Mimi ndio ulionirudishia sauti, na mpaka leo hulala na mrija kando ya kitanda.

Tangawizi haina ubaya, lakini haifiki kwenye nyuzi. Kinywaji kinapita njia ya chakula. Kikigusa nyuzi ungepaliwa. Maji husaidia kupitia mwilini, kwa hiyo anza kunywa asubuhi, hasa Januari hiyo Nakuru ikiwa vumbi tupu.

Na hilo la kuigiza Mmarekani ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Kiswahili kina mkazo wake: silabi ya pili kutoka mwisho. "Usiku", uzito uko kwenye "si". Ukiubeba kwa lafudhi ya nyimbo ulizozizoea, utaupiga "ku", msikilizaji asikie neno lisilokuwepo. Chukua mashairi yako uyaseme kwanza, kama unamsimulia mama yako. Halafu yaseme kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya barabara. Weka mngurumo pale mkazo ulipo, kwingine pumzika. Irabu zetu tano ni safi na maneno yetu yanaishia kwa irabu. Hiyo ni mali. Ila "i" na "u" huko juu hubana, kwa hiyo zifungue kidogo, "i" iegemee "e". "Moto", lenye "o" tupu, litakuja lenyewe.

Msikilize makanga wa stendi saa kumi na mbili jioni, halafu bibi anayepiga vigelegele harusini tangu asubuhi. Wote wanasikika mbali. Bibi sauti yake ni nyembamba, iko mbele mdomoni, haibebi uzito. Huyo ndiye mwalimu.

tarumbeta_vihiga

Naongezea la dada hapo juu. Napiga tarumbeta kwenye bendi ya Jeshi la Wokovu. Mwimbaji wa metali Ronnie James Dio alipiga tarumbeta utotoni na alisema pumzi yake ya kuimba ilitoka huko. Kosa la wanaoanza ni kujaza kifua mpaka mabega yapande. Jaza kiunoni na mbavuni, utoe kidogo kidogo. Washa mshumaa, imba mbele yake: mwali ucheze, usizimike.

tena_wa_58 (Nakuru)

Wiki tatu zimepita. Tumeshusha ampu, na kuna spika ndogo miguuni pangu. Mrija natumia kila siku, dada yangu mdogo ananicheka. Nimeandika upya kiitikio kizima, maana kila mstari uliishia na "i" juu kabisa. Jumamosi nilifika wimbo wa tano. Mpiga gitaa aliposikiliza alisema kwa mara ya kwanza ameelewa ninachoimba. Jumapili noti za juu zilikuwepo, ila mbili zilivuja hewa.

dada_wa_dunga (Kisumu)

Nimefurahi mpaka nimesimama. Hizo mbili zilizovuja ziandike, ni noti zipi na siku gani. Wimbo mgumu uweke wa pili, usiwe wa mwisho ukiwa umechoka. Na zikivuja tena Jumapili mbili zijazo, tafuta daktari wa kamera. Umeshapata rufaa?

tena_wa_58 (Nakuru)

Bado, dada. Naenda Jumanne. Ni La na Si, zote Jumapili.