Mrejesho: kifua kinabana, mishipa ya moyo haijaziba

Wakuu, niliuliza kuhusu mgonjwa wa miaka 52 anayebanwa kifua akipanda ngazi na hata usiku akiwa amelala, ilhali anjiografia (picha ya mishipa ya moyo) haikuonyesha mshipa ulioziba. Asanteni sana, hasa mliosisitiza asiambiwe "ni mawazo tu" bali apimwe utendaji wa mishipa.

Bisoprololi na nitreti, dawa zake za moyo, zilisimamishwa saa 48 kabla ya kipimo hicho. Mara ya kwanza tulikwama: aliambiwa asinywe kahawa, akanywa chai ya rangi asubuhi. Kafeini huzuia adenosini, dawa ya kutanua mishipa wakati wa kipimo, kufanya kazi, kipimo kikaahirishwa. Tajeni chai na soda za kola kwa majina.

Mara ya pili, waya wa kupima presha na joto uliingizwa kwenye mshipa wa mbele wa kushoto, adenosini mikrogramu 140 kwa kilo kwa dakika. CFR (uwezo wa mtiririko wa damu kuongezeka) 3.1, IMR (ukinzani wa mishipa midogo) 17: kawaida. Wengi huishia hapo, na ndipo ugonjwa unapokosa kugunduliwa. Tukaendelea na asetilikolini, inayofanya mishipa yenye hitilafu isinyae, mikrogramu 2, 20, kisha 100 taratibu. Kwenye 100 akasema, "Ndiyo haya haya." Kwenye ECG sehemu ya ST ikashuka, dalili ya moyo kukosa damu ya kutosha, lakini mshipa mkubwa haukusinyaa hata nusu. Basi ni mkazo wa mishipa midogo. Nitrogliserini mikrogramu 200 ikamtuliza.

Bisoprololi haikurudishwa; anatumia diltiazemu, dawa ya kulegeza mishipa. Baada ya wiki sita maumivu ya usiku yamekwisha. Ya kwenye ngazi yamepungua tu, bado yapo, na miguu imeanza kuvimba kidogo.