Mjadala: Wanafunzi wa kompyuta Kigoma waanze na amri au na kubofya?

Mleta mada, Kigoma Mjini:
Wakuu, habari za jioni. Kuna hoja inazunguka hapa mjini kwamba kuwafundisha vijana wa sekondari kutafuta mafaili kwa kuandika amri za Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows) badala ya kubofya ni kuwapotezea muda. Mimi naipinga kwa nguvu zote.

Nenda steshenari yoyote ya Mwanga au Ujiji. Mteja analeta flashi, ikifunguliwa inaonekana tupu wakati kazi yake yote imo. Kirusi kimeyawekea mafaili alama ya kufichwa, na Windows kwa kawaida haiyaonyeshi. Kwenye Linux ukiandika `ls`, amri ya kuorodhesha mafaili, unayaona, maana amri hiyo haijali alama ile. Linux yenyewe huficha majina yanayoanza na nukta, na hayo `ls -a` inayatoa. Kijana anayejua hili hatamwambia mama wa watu "data zimekufa, tufomati".

Halafu kuna amri ya kutafuta, `find`, mfano `find ~ -iname "*barua*" -mtime -7`. Hapo unaagiza hivi: pita folda yangu yote, niletee kila chenye neno barua kwenye jina lake, kwa herufi kubwa au ndogo, kilichobadilishwa ndani ya siku 7. Inafanya kazi hata kwenye mashine chakavu, hata kwenye seva ya mbali ambayo mtandao wetu hauwezi kuvuta picha zake.

Mwalimu, Tabora:
Mkuu, heshima yako, ila umeruka jambo zito. `find` hiyohiyo ina `-delete`, neno la kufuta. Mwanafunzi akiitanguliza kabla ya `-name`, yaani sharti la jina, basi kwa kuwa amri inasomwa kutoka kushoto, inafuta vyote vilivyomo ndani ya folda ile bila kuuliza, wala haviendi kwenye kikapu cha taka. Nani atamjibu mkuu wa shule? Na waajiri wa huku, hata vyama vya msingi vya tumbaku, wanataka mtu wa majedwali ya hesabu, kama ya Excel.

Mdau, Kasulu:
Mimi alama za nukuu ndizo zinanitesa. Nikiandika `find . -name *.pdf` bila nukuu, leo inakubali, kesho inagoma. Kwa nini?

Mleta mada:
Ndugu wa Kasulu, nyota hiyo inachukuliwa na shelli, programu inayopokea amri unazoandika, na kugeuzwa kuwa majina ya PDF zilizomo kwenye folda uliyomo kabla `find` haijaiona. Folda uliyomo ikiwa haina PDF, amri inapita salama. Zikiwepo kadhaa, inagoma. Ikiwepo moja tu ndiyo hatari: inatafuta jina hilo pekee, nyingine zinaachwa kimya, nawe unaamini hazipo. Weka nukuu kila mara.

Mwalimu, kuhusu `-delete` uko sahihi kabisa, nami nisingeigusa mwaka wa kwanza. Wakati wake ukifika, mwanafunzi aiendeshe amri bila neno hilo, asome orodha yote, ndipo aliongeze mwishoni. Majedwali nayo yafundishwe, sina ubishi. Lakini mtunza hesabu asiyejua jedwali la msimu uliopita liko wapi atalichapa upya, na wakulima watasubiri malipo. Je, utakubali vipindi vichache vya `ls` na `find` kwanza, majedwali yafuate?