Walimu naombeni app nzuri ya maswali darasani, nimekwama

mwl_kijana:
Wakuu habari za muda huu. Nafundisha fizikia form two huku Mbagala, darasa lina watoto 78 na upimaji wa taifa Novemba ndo huo unakuja. Nikiuliza mmeelewa wote wanaitikia ndiyoooo, nikisahihisha madaftari nusu yao sifuri. Nimeiona Kahoot youtube, watoto wanashangilia kama wako Taifa siku ya derby. Ni nzuri au kuna inayoizidi? Jibuni fasta.

Mzee wa Buza:
Sisi tumesoma kwa chaki na fimbo ya mpera. Ticha wetu wa hesabu alikuwa anachora duara kwa mkono, ukipima na kompasi hulikosoi, halafu anageuka anakutaja jina ukiwa umesinzia, sijui alikuwa anaonaje. Siku hizi bila bando hakuna kipindi.

dada_physics:
Kahoot nzuri mkuu, ila kila mtoto au kila kundi liwe na kifaa na intaneti ya kuingizia PIN ya mchezo. Simu wanafunzi hawaruhusiwi, sasa watajibu na nini?

mwl_kijana:
Vifaa vitapatikana dada, hilo lisikusumbue.

dada_physics:
Kutoka wapi? Na haraka ya nini?

mwl_kijana:
Haya bana. Wazazi kwenye grupu la WhatsApp wamechanga elfu kumi kumi, kuna jamaa Kariakoo mtaa wa Aggrey ana tablet yuzdi 20 kwa laki nane, nimeshampa advansi laki tatu, Jumamosi anataka iliyobaki. Mkuu wa shule sijamwambia, nataka akute kitu kimekamilika. Na kabla hamjanirukia, wazazi wametoa kwa hiari na karatasi ya duka ninayo.

Mama Kulwa:
Mwanangu, hiari gani mtu anatajwa jina kwenye grupu? Tangu elimu bila ada ianze 2016 michango ina utaratibu wake, pitia kwa mkuu na bodi. Akilalamika mzazi mmoja tu utaandika maelezo mpaka wino uishe.

mwl_kijana:
Mama nakuheshimu, ila hizo ni siasa. Mimi nimeuliza app.

dada_physics:
App basi ni Plickers. Unaprinti kadi za karatasi, kila mtoto na yake ina umbo lake, pembeni kuna A B C D kwa maandishi madogo. Unauliza swali, anaigeuza jibu lake likae juu anainyoosha, wewe unapitisha kamera ya simu yako darasa zima unaona nani kapata nani kakosa. Kuibia ngumu, kadi hazifanani. Seti kubwa ina kadi 63, kwa hiyo wako wengine wakae wawili kadi moja. Simu moja tu, yako. Na kama una laptop shusha PhET, yale majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado, unaunga saketi kwenye skrini bila bando, nyingine zipo kwa Kiswahili. Kadai advansi yako kabla ya Jumamosi.

mwl_kijana:
Jamaa hawezi kurudisha yule. Na watoto nimeshawaahidi.

chumvi_nyingi:
CHAI. Tablet ya elfu arobaini inakaa na chaji dakika ngapi? Halafu huyu huyu kwenye uzi wa vyombo vya moto alisema ni dereva bajaji Gongo la Mboto. Kesho atakuja na namba ya muuzaji, mtaona.

Mzee wa Buza:
Nilinusa mapema 😂 picha ya ubao iko wapi?

mwl_kijana:
Bajaji ni ya jioni na wikiendi. Mshahara wa mwalimu mnaujua au mnajitoa ufahamu?

chumvi_nyingi:
Hesabu kwa tajiri unapeleka ngapi?

mwl_kijana:
Elfu ishirini, mafuta juu yangu. Dada hizo kadi nikizilaminisha zitadumu?

dada_physics:
Usilaminishe kwa plastiki ya kung'aa, kamera haisomi vizuri. Printi kwenye manila.

chumvi_nyingi:
Tajiri hana bajaji nyingine imekaa hapo?