Naomba ushauri: watoto wa darasa la tatu hawajui kusoma, nianzie wapi? (Uvinza, Kigoma)

Binti wa Mtoni
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za leo. Naombeni mawazo, maana hili jambo linaninyima usingizi.

Niko kijijini, wilaya ya Uvinza. Elimu yangu kidato cha nne, sijaajiriwa. Hapa kitongojini kwetu nafundisha watoto KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) kwenye banda la kanisa. Wadogo hawanipi shida, wanakwenda. Wanaonikwaza ni wakubwa, wa darasa la tatu na la nne. Ukimpa mtoto ukurasa alioufanyia mazoezi anausoma mwanzo mpaka mwisho, kidole kinapita chini ya mistari vizuri kabisa. Ukichukua neno moja la humo humo ukaliandika ubaoni, tuseme "kuku", anakutazama tu. Juzi binti mmoja nilimpa kitabu akaanza kusoma kabla hajakifungua. Macho yako kwenye jalada na hadithi anaitoa yote, hata pa kupumua anapumua. Ameikariri kwa kuwasikia wenzake.

Nyumbani ni Kiha tu, Kiswahili wanakutana nacho darasani. Je, niwarudishe kwenye irabu pamoja na wadogo? Wataona aibu? Na vitabu vya hadithi fupi fupi mtu anavipataje huku? Nitashukuru.

Mwisho wa Reli
Hongera dada kwa moyo. Ila mimi naanza na wazazi. Mzazi wa siku hizi akishamnunulia mtoto sare basi kazi yake kaimaliza. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watu wamejua kila kitu ni cha serikali, hata kumuuliza mtoto "leo umesoma nini" hawaulizi. Daftari linaisha mwaka mzazi hajalifunua.

Urambo Kwanza
Mkuu hapo juu umenena. Sisi huku Tabora ni tumbaku. Msimu wa kuchuma ukifika darasa linabaki nusu, mtoto yuko shambani na baba yake, usiku wanakesha kwenye bani la kukaushia tumbaku wakiangalia moto. Akirudi shule wenzake wameshafika mbali, yeye hata alichokuwa anakijua kimemtoka. Kwenye kitongoji chetu kilichosaidia ni mwenyekiti kupita nyumba kwa nyumba asubuhi na daftari lake. Hapigi kelele, anauliza tu mtoto yuko wapi na anaandika. Watu wanaogopa kuandikwa kuliko faini.

Mzee wa Chaki
Marahaba mwanangu. Mimi nilistaafu ualimu, nilianza kama mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Vijana hamkumbuki, ila Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto aende shule, na walimu hawakuwepo. Ikabidi waliomaliza darasa la saba wafundishwe ualimu huku wakiwa kazini, asubuhi unafundisha, mchana unafundishwa. Watu walitudharau sana. Lakini kijiji kizima kilikuwa na kisomo cha watu wazima, mama anasoma jioni chini ya mwembe na mtoto wake anamwona. Mtoto anayemwona mama yake akihangaika na herufi hawezi kuiona herufi kama adui. Siku hizi kisomo kimekufa na akina mama hawasomi tena mbele ya watoto wao. Usikate tamaa kwa kuwa huna cheti.

Mama Kasulu
Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, nijibu ulichouliza.

Usiwapange kwa madarasa, wapange kwa wanachokijua. Wale wa Uwezo, mradi wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walipoanza kupita majumbani 2010 walikuwa wanampa mtoto maandishi ya ngazi ya darasa la pili: silabi, halafu neno, halafu aya, halafu hadithi. Pale anapokwama ndipo pake. Wahindi wa Pratham, shirika la elimu la huko India, wamefanya hivyo miaka mingi, saa moja au mbili kwa siku watoto wanaacha madarasa yao wanakaa kwa uwezo, na mtoto akivuka anahamishwa papo hapo, hangoji mwisho wa mwaka. Kwa hiyo mkubwa wako asiyejua silabi anakaa na wenzake wa silabi, lakini umpe kazi ya kikubwa, awe mgawa kadi. Aibu inapungua.

Huyo anayesoma jalada hana tatizo la akili, ana kumbukumbu kali na hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba alama zile ndizo zinazotoa sauti. Mkatie kadi kwenye maboksi ya sabuni au ya biskuti: ka, ku, ma, me, ta, to. Aunge mwenyewe. Aunge "kuku", kisha mwondolee ku moja uweke ta, asome "kuta". Hapo hawezi kukariri kwa sababu neno linabadilika mkononi mwake. Silabi za mwa, nya, ng'o ziache mpaka hizi ziwe nyepesi. Na Kiha usikikataze. Eleza kwa Kiha neno lina maana gani, halafu lisomeni kwa Kiswahili. Mtoto akisoma neno asilolijua anabaki anatoa sauti tu.

Swali langu: unawapata saa ngapi?

Binti wa Mtoni
Asante sana mwalimu, hili la kuondoa silabi moja sijawahi kulifikiria, kesho nalijaribu. Nawapata asubuhi, wakiwa hawajachoka.

Mama Kasulu
Asubuhi ya siku gani? Jumamosi?

Binti wa Mtoni
Siku za kawaida pia. Kuhusu vitabu, kuna mtu anajua bei zake Kigoma mjini?

Mama Kasulu
Dada, vitabu tutafika. Mtoto wa darasa la tatu asubuhi ya Jumanne anatakiwa awe shuleni. Hao watoto wameandikishwa shule au hawajaandikishwa?

Mwisho wa Reli
Hapo sasa. Nami nilikuwa najiuliza.

Binti wa Mtoni
Wameandikishwa. Naomba nieleze vizuri msinielewe vibaya.

Shule ni mbali, mtoto mdogo anatembea karibu saa mbili na kuna mto katikati. Kiangazi wanavuka kwa miguu. Masika hakuna anayevuka. Kwa hiyo kila mwaka wanapoteza muda mwingi, na wakifika darasa la kwanza wako zaidi ya mia na arobaini na mwalimu mmoja. Tangu mwaka jana wazazi wa kitongoji walikaa wakaniomba nibaki na watoto huku huku. Wadogo wote, na wakubwa wasiojua kusoma. Kila kaya inatoa debe la mahindi kwa msimu. Tofali tumeshachoma, tanuru mbili, tunataka tujenge darasa ili baadaye iwe shikizi, yaani kituo kidogo kilicho chini ya shule mama. Mwalimu mkuu ameniita akaniambia niache mara moja kwa sababu watoto wanasomeka watoro kwenye rejista yake. Sijaacha. Wangekuwa wanajifunza kule ningewapeleka mwenyewe kwa mkono. Kule anakaa chini nyuma kabisa, miaka mitatu hakuna aliyegundua kwamba hasomi. Kwangu niligundua wiki ya kwanza.

Mama Kasulu
Kumbe. Hili ndilo lilipaswa kuwa la kwanza.

Nakuelewa, na kwenye ufundishaji pengine unatushinda wengi. Lakini Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mtoto aliyeandikishwa ahudhurie, na anayebanwa kwa utoro ni mzazi. Wazazi waliokupa mahindi ndio watakaoitwa. Halafu kuna upimaji wa darasa la nne wa NECTA, Baraza la Mitihani. Mtoto anasajiliwa kupitia shule kwa namba yake ya PREM, ile namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa NECTA. Akihesabiwa mtoro akaondolewa, atakuwa anajua kusoma lakini hana mahali pa kufanyia mtihani. Utakuwa umemfungulia mlango mmoja na kumfungia mwingine.

Binti wa Mtoni
Mwalimu, nakuheshimu, lakini nimwambie mama arudishe mtoto avuke mto ule Machi? Mwaka mmoja kulikuwa na mtoto alichukuliwa na maji akaokolewa na wavuvi chini huko. Nani atamwambia huyo mama habari za PREM?

Kibirizi Leo
Samahanini wadau, mimi nasema hii ni chai. Nimefanya kazi na miradi miaka, hadithi ya namna hii naijua inavyopikwa. Kuna mto, kuna mtoto kaokolewa, kuna binti wa kidato cha nne mwenye moyo, kuna tofali za wananchi. Bado picha ya mtoto peku na namba ya kuchangia. Huyu ni mtu wa mradi anajaribu andiko lake hapa kabla hajalipeleka kwa wafadhili. Mtu wa kijijini bando la kuandika yote haya analitoa wapi? Na hilo neno shikizi kalijulia wapi?

Mwisho wa Reli
Duh. Mimi pia hilo la kusoma jalada lilinipa wasiwasi kidogo, limekaa kama la kwenye tamthilia.

Mzee wa Chaki
Kijana, la jalada mimi nimeliona kwa macho yangu si mara moja. Mwalimu yeyote wa madarasa ya chini ameliona. Na shikizi nani asiyelijua? Zile fedha za UVIKO za 2021 zilijenga madarasa 15,000, na 3,000 kati yake yalikuwa ya vituo shikizi. Yalijengwa vijijini, wanakijiji ndio waliobeba mchanga.

Kibirizi Leo
Mzee shikamoo. Sikatai kwamba vipo. Nasema huyu hayupo.

Mvuvi Malagarasi
Mimi ni wa Uvinza. Binti, sitaki jina la kijiji. Niambie kitu kimoja tu: masika mtu mzima akitaka kwenda senta anavukaje?

Binti wa Mtoni
Kwa mtumbwi, pale penye mikindu. Ila mwenye mtumbwi hapakii watoto peke yao, lazima awepo mtu mzima, na maji yakifika kwenye jiwe la kufulia hapakii mtu yeyote. Anaupandisha juu anaufunga, anaenda shambani kwake.

Bando naweka siku ya mnada nikienda senta, huku kwetu mtandao unashika juu ya kichuguu tu. Neno shikizi nimelijua kwa sababu mwaka ule mradi wa EQUIP-Tanzania ulipokuwa huku Kigoma na Tabora kijiji kilinichagua kuwa msaidizi wa kufundisha watoto wa utayari, wale wanaoandaliwa kabla ya darasa la kwanza. Tulipewa mafunzo na vitabu vya hadithi. Mradi uliisha, watoto waliendelea kuzaliwa. Sijaomba hela ya mtu. Nimeuliza nianzie wapi.

Mvuvi Malagarasi
Wadau, huyu yupo. Anayejua maji yakifika wapi mtumbwi unafungwa si wa kusimuliwa.

Kibirizi Leo
Bado sijaridhika kwa asilimia zote, ila naacha watu waendelee.

Urambo Kwanza
Kwetu kuna shikizi ilianza hivyo hivyo, chini ya mti. Ilichukua muda lakini sasa ina mwalimu wa serikali. Siri yake ni kwamba hawakugombana na shule mama. Walikuwa wanampelekea mwalimu mkuu mahudhurio kila Ijumaa, naye anajaza rejista yake. Mtoto anahesabiwa yupo.

Mzee wa Chaki
Hapo ndipo pa kukamata, mwanangu. Usiende kwa mwalimu mkuu peke yako, utaonekana mshindani. Jambo hili lipite mkutano mkuu wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari, mtendaji agonge muhuri. Kisha mwenyekiti wa kijiji na mwenyekiti wa kamati ya shule waende naye kwa afisa elimu kata, waombe kitongoji kiwe kituo chini ya shule mama. Afisa elimu kata ndiye atakayelipeleka halmashauri. Debe la mahindi nalo liingie kwenye muhtasari, liitwe mchango wa hiari waliokubaliana wananchi, na mama mjane asiye nalo asirudishiwe mtoto. Ukilikusanya kimya kimya kuna siku litaitwa ada.

Binti wa Mtoni
Mjane hatujawahi kumrudishia mtoto. Lakini babu, huo mzunguko utachukua mwaka. Masika hayangoji muhtasari.

Mama Kasulu
Basi gawanya. Ambao hawajaandikishwa, wa umri wa awali, baki nao asubuhi, hao hawamnyang'anyi mtu. Wakubwa wa la tatu na la nne waende shule siku zote mto unapopitika, wewe uwachukue jioni wakirudi na Jumamosi, saa moja ya kadi inatosha kama wamepangwa kwa uwezo. Masika yakifunga mto, wabaki kwako kwa barua ya mtendaji, na mahudhurio yaende shule mama kama alivyosema ndugu wa Urambo. Na mwalimu mkuu mwombe kitu kimoja tu, akutumie mwalimu mmoja aje awapime watoto wako kwa macho yake. Akimkuta yule binti anasoma neno lisilo kwenye kitabu, mazungumzo yatabadilika. Mwenye watoto mia na arobaini darasani naye anatafuta msaada, hata kama hasemi.

Binti wa Mtoni
Jioni wanafika wamechoka na njaa, wengine wanaenda moja kwa moja kuchota maji. Jumamosi sawa. Wa darasa la nne nitawarudisha Jumatatu kwa sababu ya huo upimaji, nimewaelewa. Wa la tatu, yule wa jalada na wenzake, nitabaki nao asubuhi mpaka wavuke silabi, halafu ndio wawe wa jioni. Wazazi wao nitawaambia wazi kwamba rejista inawahesabu watoro. Mwenyekiti wa kijiji nimeshampigia, mkutano anasema ni baada ya kuvuna maharage.

Mama Kasulu
Wa la tatu hatujakubaliana, ila naona umeshaamua. Angalau majina yao wapelekee shule wiki hii, na daftari la mahudhurio lianze leo, usisubiri mkutano.

Mvuvi Malagarasi
Binti, nina vitabu vya hadithi vya wanangu, walishavuka darasa la pili. Mnada ujao nitakuwepo senta na mitumbwi ya chumvi, nitaviacha kwa muuza mafuta wa kwenye kona. Maboksi ya kukatia kadi yeye mwenyewe anayo mengi, anayachoma tu.

Binti wa Mtoni
Asante baba. Nikija nitamuuliza. Mwalimu Kasulu, kadi za herufi kubwa na ndogo nichanganye au nianze na ndogo tu?

Mama Kasulu
Ndogo tu. Kubwa waonyeshe kwenye majina yao.